Chati za Kufuma na Haja ya Kuziandika

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Dagahaley



Halmashauri imeniagiza niseme machache juu ya chati za kufuma. Nadhani wako watakaojiuliza, karani ana nini na sindano na uzi? Jibu langu ni fupi. Kazi ya karani ni kupanga mambo katika mistari na viraba, ili mtu mwingine asiyekuwapo ayasome na kuyaelewa vile vile yalivyokuwa. Chati ya kufuma ni kazi hiyo hiyo. Tena, darasa letu la kufuma limeomba sehemu ndogo ya fedha za mwaka ujao itumike kununua madaftari na kuandika chati. Ni haki kila mwanachama ajue chati ni kitu gani kabla ya kuinua mkono wake, akubali au akatae.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Mfumaji hufanya kazi kwa vitanzi. Kitanzi ni ile pete ndogo ya uzi ikaayo juu ya sindano, na vitanzi vilivyopangwa kutoka ncha moja ya sindano hadi nyingine hufanya safu moja. Safu hujengwa juu ya safu, kama fundi apangavyo matofali, mpaka kitambaa kitimie. Chati ni karatasi ya viraba ambamo kila kiraba ni kitanzi kimoja, na kila mstari wa viraba ni safu moja. Ndani ya kiraba huwekwa alama imwambiayo mfumaji kitanzi kile akifanye namna gani.

Kiraba kitupu, mara nyingi, ni kitanzi cha kawaida kinachoacha uso laini. Chenye nukta au kistari ni kitanzi cha kinyume, kile kinachoacha kigongo. Duara ni uzi uliozungushwa juu ya sindano ili uache tundu. Mstari wa mshazari ni vitanzi viwili vilivyofumwa pamoja kuwa kimoja, nao huinama upande ule ambao kitanzi kitalalia. Alama hizi zaweza kutofautiana kutoka kitabu hata kitabu. Kwa hiyo kando ya chati njema huwa na ufunguo, yaani orodha ya alama na maana zake. Mfumaji aanzaye kazi kabla ya kusoma ufunguo ni kama mgeni aingiaye Dagahaley usiku bila kuijua namba ya kitalu aendako.

Nimetaja vitalu kwa makusudi. Watu wa hapa wamezoea mambo ya viraba kuliko wanavyodhani. Tangu kambi hii ilipofunguliwa mwaka 1992, mtu huelekezwa nyumba ya mwenziwe kwa herufi na namba za kitalu, na hata mtoto mdogo huzijua. Tena, kabla ya alama za vidole kuanza kutumika kwenye ugawaji wa chakula mwaka 2013, kadi ya posho ilikuwa na namba pembezoni, na namba moja ilitobolewa kila ugawaji. Mama ambaye hakupata kukanyaga darasa aliitazama kadi yake na kujua zamu ipi imepita na ipi imebaki. Huyo alikuwa anasoma, ingawa hakuna aliyemwita msomaji. Akipewa chati ya kufuma, hapewi jambo geni kabisa.

Na hapa ndipo penye faida ya kwanza. Maelezo ya kufuma yanayouzwa pamoja na uzi, au yaliyomo vitabuni, mara nyingi yameandikwa kwa Kiingereza, tena kwa vifupisho ambavyo hata Mwingereza asiyefuma havielewi. Katika Dagahaley wengi wetu husema Kisomali; wengine husema Kioromo au Kiamhara, na Kiswahili ni cha sokoni na cha ofisini. Kisomali chenyewe kilipata maandishi rasmi ya herufi za Kilatini mwaka 1972, na vita vya mwaka 1991 viliwakuta wengi hawajapata shule, na watoto wao wakaikosa vile vile. Tukingoja kila mama ajue Kiingereza ndipo asome maelezo ya sweta, tutangoja sana. Chati haimwulizi mtu lugha yake. Wajapani, walio mafundi wakubwa wa kazi hii, huchapisha michoro yao kwa alama zilizosanifishwa, na mfumaji wa nchi nyingine aweza kuifuata ingawa haelewi neno hata moja la Kijapani.

Sasa niseme namna ya kusoma. Chati husomwa kutoka chini kwenda juu, kwa sababu kitambaa nacho hukua hivyo. Safu ya kwanza ni ile ya chini kabisa. Nayo husomwa kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, maana ndivyo vitanzi vinavyokuja kwenye ncha ya sindano. Mfumaji atumiaye sindano mbili akifika mwisho hugeuza kazi yake. Basi safu ya pili husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, na ya tatu tena kutoka kulia. Lakini atumiaye sindano za kufuma mviringo, kama wafanyavyo wafumao kofia na soksi, hageuzi kazi, na kila safu huianzia kulia.

Jambo hili huwatisha wale waliopita shule za serikali au za misheni, kwa kuwa jicho lao limefundishwa kuanzia kushoto. Lakini mtoto aliyesoma duksi, aliyeandika aya kwenye loho kwa wino wa makaa, amekwisha zoea kuanzia kulia. Mwenzake wa shule amezoea kuanzia kushoto. Chati ya sindano mbili yawataka wote wawili, mmoja kwa kwenda na mwingine kwa kurudi. Kwa hiyo naona yafaa wanafunzi wa darasa letu wakae wawili wawili, mmoja wa duksi na mmoja wa shule, wafundishane. Hakuna kati yao atakayejiona mjinga mbele ya mwenziwe.

Liko jambo moja gumu kidogo, nalo ndilo linaloharibu kazi nyingi. Alama za chati huonyesha kitambaa kama kinavyoonekana kwa mbele. Mfumaji akigeuza kazi, anafuma akiutazama upande wa nyuma. Basi kiraba kitupu, ambacho kwenye safu ya kwenda ni kitanzi cha kawaida, kwenye safu ya kurudi hufumwa kwa kitanzi cha kinyume, ili kwa mbele kionekane laini. Na chenye nukta hufumwa kwa kitanzi cha kawaida. Asiyeelewa sababu atalazimika kukariri, na aliyekariri husahau. Aeleweshwe kwa kitambaa chenyewe: afume vitanzi 10, ageuze, atazame. Ataona kwamba kigongo cha upande huu ni laini ya upande ule. Akiisha kuona kwa macho yake, hatahitaji kukumbushwa tena.

Mabibi na mabwana, chati ina hesabu, na hapo mimi kama karani najisikia nyumbani. Katika kazi ya matundu ambayo idadi ya vitanzi haibadiliki, kila duara huongeza kitanzi kimoja, na kila mshazari hupunguza kimoja. Duara ni mapato, mshazari ni matumizi. Mwisho wa safu hesabu lazima zilingane. Kama mfumaji alianza na vitanzi 64 na sasa anavyo 65, asiendelee hata kitanzi kimoja. Arudi atafute duara lisilo na mshazari wake. Kosa la safu moja ni rahisi kufumua. Likiachwa safu 20, siku nzima imepotea na uzi umechakaa.

Nichukue mfano wa kofia ya mtoto mchanga. Nimesikia watu wakicheka, kwamba hapa joto la mchana mara nyingi hupita nyuzi 35, nani atahitaji kofia ya kufuma? Lakini wakunga wanajua. Mtoto akizaliwa mwili wake umelowa, nao hupoteza joto upesi, hasa kichwani, kwa kuwa kichwa chake ni kikubwa kulinganisha na mwili. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ana hatari zaidi. Ndiyo maana mama akifundishwa kumlaza mtoto kama huyo kifuani pake, ngozi kwa ngozi, huambiwa amvike kofia.

Basi kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi yake kina mzunguko wa kama sentimita 35. Kofia hutanuka, hivyo tuifume ya sentimita 32. Mfumaji afume kwanza kipande cha kupimia, akiweke juu ya meza bila kukivuta, ahesabu ni vitanzi vingapi katika sentimita 10. Tuseme ni 20, yaani viwili kwa kila sentimita. Mara 32, ni vitanzi 64. Chati ya pambo ina viraba 8 kwa upana, nayo hurudiwa. 64 kwa 8 ni mara 8 kamili, wala hakuna pambo litakalokatika katikati. Kama anafuma kwa sindano mbili na kushona nyuma, aongeze vitanzi 2 vya mshono.

Lakini kama mkono wake unakaza, na kipande chake kimetoa vitanzi 22 kwa sentimita 10, vitanzi vile vile 64 vitampa kofia ya sentimita 29, ambayo itambana mtoto. Na kama mkono wake ni mlegevu, akapata 18, kofia itafika karibu sentimita 36 na kumwangukia machoni. Chati ni ile ile, uzi ni ule ule, na wafumaji wote watatu wamefuata alama bila kosa. Kwa hiyo mwalimu asikubali mwanafunzi aruke kipande cha kupimia. Dakika chache za mwanzo huokoa kazi ya siku mbili.

Kuna onyo jingine kwa wale watakaotaka kuchora chati zao wenyewe. Kitanzi si cha mraba. Kwa kawaida upana wake huzidi kimo chake. Katika sentimita 10 mfumaji aweza kupata vitanzi 20 kwa upana lakini safu 28 kwa kwenda juu. Sasa mtu akichora ngamia kwenye daftari la hesabu la viraba, viraba 20 kwa 20, ngamia wake wa karatasi atapendeza, lakini wa sweta atakuwa na upana wa sentimita 10 na kimo cha sentimita 7 tu. Atakuwa ngamia wa miguu mifupi, na hapa kwetu hakuna atakayemnunua. Dawa yake ni kuongeza safu katika mchoro, miguu na shingo virefushwe kwenye karatasi mpaka vionekane vimezidi. Sindanoni vitatulia.

Kwa wale ambao tayari wanafuma, nina mashauri matatu ya matumizi. Chati ibandikwe juu ya kipande cha boksi, maana upepo wa hapa hauheshimu karatasi. Safu inayofumwa iwekewe alama kwa kipande cha kadibodi kilichoshikwa kwa vibanio vya nguo, nacho kikae juu ya safu hiyo, ili zile zilizokwisha fumwa zionekane chini yake na kulinganishwa na kazi iliyo mkononi. Na kila safu ikiisha, mfumaji apige mstari mmoja pembeni, minne ikisimama, wa tano uikate. Mtoto akilia, mgeni akibisha hodi, au adhana ikisikika, ataiweka kazi chini bila wasiwasi.

Isidhaniwe kwamba kazi hii ni ya juzi, au ni ya Wazungu peke yao. Vitambaa vya kale vilivyofumwa kwa sindano, ambavyo wataalamu wanavijua, vimetoka Misri ya Waislamu, kati ya karne ya 11 na ya 14. Vingi ni soksi za pamba, za rangi ya buluu na nyeupe, zenye mapambo ya mistari na mengine yanayofanana na maandishi ya Kiarabu. Baadaye sanaa ilistawi Ulaya, na huko mijini ilikuwa na vyama vya mafundi wanaume, kwa hiyo vijana wetu wa kiume wasione haya. Nayo michoro ya viraba ilianza kuchapwa Ujerumani na Italia katika karne ya 16, kwanza kwa ajili ya wadarizi. Hapa Kenya, chama cha Maendeleo ya Wanawake kilichoanzishwa mwaka 1952 kilifundisha kufuma pamoja na kushona na utunzaji wa nyumba.

Na mama zetu wa Kisomali walikuwa na hesabu zao tangu zamani. Mikeka ya kufunikia aqal ina mapambo yanayorudiwa kwa idadi maalumu, nayo husukwa kwa nyimbo. Chati yao ilikuwa kichwani na kooni. Siisemi kwa kuidharau. Naisema kwa sababu yanipeleka kwenye jambo kubwa la hotuba hii.

Dagahaley ni mahali pa watu waondokao. Mkataba wa mwezi wa Novemba 2013 kati ya Kenya, Somalia na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi ulifungua njia ya kurudi Somalia kwa hiari, na maelfu walirudi. Wengine hupata safari ya kwenda kukaa nchi za mbali. Tunawaombea heri wote. Lakini mwalimu wa kufuma akipata safari, kila pambo lililo kichwani mwake hupanda gari pamoja naye. Wanafunzi hubaki na sweta moja ya mfano, wakiitazama mbele na nyuma kama watu watazamao mlango uliofungwa. Darasa huanza tena kwenye kitanzi cha kwanza. Katika kijiji cha kawaida, binti hukaa karibu na mama miaka 15 na kujifunza polepole kwa kutazama. Hapa hatujapewa miaka hiyo. Karatasi ndiyo itakayokaa wakati sisi tunaondoka.

Najua baadhi ya mafundi hawapendi kuonyesha mapambo yao. Wasema, nikikupa chati, nimekupa riziki yangu. Hofu hiyo si ya kipuuzi, hasa sasa. Mwaka 2025 posho ya chakula ilipunguzwa sana, na kila nyumba inajua maana yake. Lakini tufikiri. Mteja akitaka sweta 40 za shule zenye nembo moja, fundi mmoja hawezi kuzimaliza kabla ya muhula kufunguliwa. Akiwa na chati, atawagawia wenzake wanne, na nembo zote zitafanana. Asipokuwa nayo, atairudisha kazi ile kwa mwenyewe. Kule Njoro, katika Kaunti ya Nakuru, kikundi cha Kenana Knitters kilichoanza mwaka 1998 kimewapa kazi wanawake wengi wa vijijini wanaofuma kwa mkono wanyama wa kuchezea watoto, nao huuzwa ng'ambo. Mnunuzi wa mbali hutaka simba aliyefumwa na mama huyu afanane na simba aliyefumwa na mama yule. Hilo halipatikani kwa kukisia.

Sitawadanganya kwamba kufuma kutashibisha kila nyumba. Sweta za viwanda vya Nairobi na Eldoret ni rahisi, na za mitumba ni rahisi zaidi. Soko letu la hapa haliombi sweta kwa wingi. Mahali petu ni kazi ndogo zenye sharti: kofia za watoto wachanga, nembo za shule, jina la mtoto juu ya blanketi, sweta kwa wanafunzi waendao shule za bweni za nyanda za juu, ambako asubuhi ni baridi kweli. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 imepanua nafasi ya mkimbizi kufanya kazi na biashara. Hata hivyo, kwa miaka mingi mtu wa kambini amehitaji ruhusa ya kutoka. Sweta haliombi ruhusa, wala chati. Agizo laweza kuja kwa picha ya simu, likasomwa hapa, likafumwa hapa, kisha mzigo ukapanda basi la Garissa.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta mbele ya mkutano maombi ya darasa kama yalivyo.

La kwanza, kila mwanafunzi apewe daftari moja la hesabu lenye viraba, lile watumialo watoto wa shule ya msingi. Si kitu cha gharama kubwa.

La pili, chama kiwe na Kitabu cha Chati. Kila chati iandikwe kwa namba, pamoja na idadi ya vitanzi vinavyorudiwa, unene wa uzi na wa sindano, na kipimo cha vitanzi kwa sentimita 10. Kando yake kishonwe kipande kidogo kilichofumwa, ili jicho lisadiki. Ufunguo wa alama uandikwe mara moja tu mwanzoni, kwa Kisomali, Kiswahili na Kiingereza. Fundi aliyeleta pambo jina lake liandikwe, na mtu akilitumia ajue ni la nani. Hapo hofu ya kunyang'anywa itapungua.

La tatu, mwalimu yeyote anayejua kwamba safari yake imekaribia aombwe kukaa na mwanachama mmoja siku chache, amwandikie aliyo nayo. Kuitunza kazi hiyo ni juu yangu, kama nitunzavyo daftari la ada na la vikao.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Maarifa ya mikono ni mali, na kwa wengi waliofika hapa bila mzigo wowote ndiyo mali waliyovuka nayo mpaka. Naomba tuyaandike kabla wenyewe hawajaondoka. Sasa namwachia Bwana Mwenyekiti akusanye kura.